Blogu au kujuana? Ulinganisho kwa ofisi ndogo inayotafuta wateja

Ofisi ya uwakala wa forodha yenye watu watatu, iwe Dar es Salaam au Mombasa, ikishamaliza nyaraka, foleni za bandarini na simu za wateja wanaouliza "gari limetoka?", hubakiwa na saa chache za kutafuta kazi mpya. Tuseme 6 kwa wiki. Saa 6 zinatosha kuandika makala moja nzuri ya blogu. Zinatosha pia kupiga simu tano, kunywa chai na watu wawili na kuhudhuria kikao kimoja cha wafanyabiashara. Kwa vyote viwili hazitoshi, na mwenye ofisi anayejaribu kuvibeba pamoja huishia na blogu yenye makala tatu za mwaka juzi, na simu iliyojaa namba ambazo hajazipigia tangu Idi iliyopita.

Tumechukua ofisi ya forodha kuwa mfano kwa sababu mteja wake ana maswali mengi na wasiwasi mwingi kwa wakati mmoja. Mhasibu, fundi wa viyoyozi, mpambaji wa kumbi au mwongoza watalii wa Arusha atajiona humu kwa kubadilisha majina tu. Pale ambapo kazi yake inakwenda njia nyingine, tumesema.

Kwanza tuelewane maneno. Blogu hapa ni makala zilizo kwenye tovuti yako mwenyewe, kila moja ikijibu swali la mteja, na ambazo mtu anaweza kuzipata kwa kutafuta Google hata baada ya miaka miwili. Siyo blogu ya habari na picha za hafla ambayo Watanzania waliizoea tangu Issa Michuzi alipofungua yake mwaka 2005. Ile huishi kwa matangazo na ina hesabu zake. Kujuana ni kazi ya kuwatunza watu ili wakutaje usipokuwepo: wateja wa zamani, wauza magari, madalali, maofisa mikopo wa benki, wenzako wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) au wa chama. WhatsApp na LinkedIn tumeziweka upande huu wa kujuana. Zimo kwenye intaneti, ndiyo, lakini waliomo ni walewale wanaokujua au wanaomjua anayekujua.

Vigezo vya kupimia

Njia zote mbili tunazipima kwa mambo yaleyale: mteja anaanzia wapi, anaogopa nini, mteja wa kwanza huchukua muda gani kufika, gharama, mahali panapoharibika, na namna ya kujua kama inafanya kazi. La pili ndilo zito kuliko yote, na ndilo watu hulipima mara chache zaidi.

Mteja anaanzia wapi

Mtu wa Dodoma anayeagiza gari Japan kwa mara ya kwanza huanza usiku, kitandani, simu mkononi. Anaandika "kodi ya IST 2005 bandarini" na kusoma chochote kitakachotokea. Wakati huo hana wakala, hana hakika kama anamhitaji, na hayuko tayari kumpigia mtu yeyote. Blogu humkuta hapohapo. Kujuana hakumfikii mpaka siku atakapomwuliza shemeji yake.

Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayepitisha kontena Dar es Salaam ni mtu mwingine kabisa. Anamwuliza mwenzake aliyepitisha mzigo mwezi uliopita, anapewa jina moja au mawili, na mazungumzo yanaanza kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili cha kwao. Hata angeamua kutafuta mtandaoni, huenda angeandika Kifaransa. Makala yako ya Kiswahili, iwe nzuri namna gani, haitakutana naye.

Kujua wateja wako ni wa aina gani hakuhitaji mtaalamu. Chukua 20 wa mwisho, uwaulize maswali mawili. La kwanza: ulitupataje? La pili, ambalo husahaulika: ulipoanza tu kulifikiria jambo hili, ulifanya nini kwanza? Jibu la la kwanza mara nyingi ni "niliambiwa na fulani." La pili ndilo litakaloonyesha kama kabla ya huyo fulani kulikuwa na wiki tatu za kusoma usiku. Wakiwa 8 au zaidi kati ya 20 walisoma kwanza, blogu ina wasomaji inaowangojea. Wakiwa 2, saa zako 6 zina kazi nyingine.

Anaogopa nini

Mteja anayesita huwa na hofu moja kati ya mbili. Anaogopa kukosea: kuchagua gari ambalo kodi yake itazidi bei aliyonunulia, kukosa hati, kuchelewesha mzigo mpaka tozo za ghala zianze kuhesabu. Au anaogopa kudhulumiwa: kutuma fedha kwa mtu ambaye kesho hapatikani. Kwa nje hofu hizi zinafanana, kwani zote humfanya mtu aseme "nitakurudia". Dawa zake ni tofauti.

Blogu hutibu ya kwanza. Makala inayoweka hesabu nzima mezani, kuanzia bei ya gari, nauli ya meli na bima, kisha ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ushuru wa uchakavu, VAT, mpaka ada yako ya uwakala, humwondolea msomaji giza. Wengi hukataa kuandika bei kwa kuogopa washindani. Washindani wanaijua tayari. Asiyeijua ni mteja. River Pools, kampuni ya mabwawa ya kuogelea ya Virginia, Marekani, iliyoyumba wakati wa msukosuko wa uchumi wa 2008, ilijikwamua kwa kujibu kwenye blogu yake maswali ambayo wenzao waliyakwepa, likiwemo bwawa linagharimu kiasi gani. Jibu halikuwa namba moja. Lilieleza nini hupandisha bei na nini huishusha.

Thomas Mahon, fundi nguo aliyejifunza kazi Savile Row, mtaa wa washona suti wa London, alifungua blogu mwaka 2005. Hakutangaza punguzo la bei. Alieleza jinsi koti linavyokatwa na kushonwa kwa mkono, na wasomaji wa Marekani ambao wasingemjua kamwe wakaanza kumwagiza. Lakini suti haipimwi kwa barua pepe: wateja hao ilibidi awafuate huko, ana kwa ana, na utepe wa kupimia. Blogu ilimpa mazungumzo ya kwanza tu.

Hofu ya pili haiponi kwa kusoma. Tapeli naye anajua kuandika, tena siku hizi akili bandia humtolea makala kumi kwa dakika chache. Anayeogopa kudhulumiwa anatafuta mtu wa kumshika shati mambo yakienda kombo. Ndiyo maana Kariakoo winga, yule anayemzungusha mnunuzi madukani, bado anakula, ijapokuwa maduka mengi yana kurasa za Instagram: mnunuzi aliyeshuka kwenye basi kutoka Songea anakubali kulipa cha juu ili awe na uso mmoja anaoujua katikati ya maduka asiyoyajua. Kujuana ni udhamini. Anayekuelekeza kwa wakala ameliweka jina lake rehani, na wewe unajua fedha zikipotea utamgongea nani mlango.

Wengi hudhani udhamini huo hutoka kwa marafiki wa karibu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya mahojiano na watu waliobadilisha kazi katika mji ulio jirani na Boston. Kati ya 54 waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Sababu si ngumu. Rafiki wa karibu anazungukwa na watu walewale unaozungukwa nao wewe, kwa hiyo habari anazosikia umekwisha kuzisikia. Ule ulikuwa utafiti wa ajira, na kundi lilikuwa dogo, lakini wakala yeyote aliyewahi kuletewa kontena na mtu waliyesoma wote kidato cha pili anajua jinsi inavyokwenda.

Kuijua hofu ya wateja wako, fungua mazungumzo kumi ya mwisho ya WhatsApp na watu waliouliza kabla ya kulipa. "Itagharimu kiasi gani? Nahitaji hati zipi? Siku ngapi?" ni hofu ya kukosea. "Ofisi yenu iko wapi? Nani mwingine mmemtolea? Naweza kumalizia gari likishatoka?" ni hofu ya kudhulumiwa. Hesabu. Watu hushangaa wakikuta kwamba wamekuwa wakijibu hofu moja kwa dawa ya nyingine: mteja anauliza ofisi ilipo, nao wanamtumia jedwali la kodi.

Muda hadi mteja wa kwanza

Tovuti mpya haina jina mbele ya Google. Ukitoa makala moja kwa wiki, mwezi wa kwanza wasomaji watakuwa wewe, mkeo na aliyekutengenezea tovuti. Panga kungoja miezi mitatu hadi sita, ukiwa na makala zisizopungua 12, kabla simu ya mtu usiyemjua kabisa haijaanza kuwa jambo la kawaida. Baada ya hapo makala hufanya kazi hata ukiwa umelala. Ina adui mmoja wa kalenda: bajeti husomwa Juni, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai, Tanzania na Kenya pia. Makala yoyote inayotaja viwango vya kodi huchacha siku hiyo.

Kujuana huweza kuleta kazi wiki hiihii, ikiwa tayari umewahi kumhudumia mtu akaridhika. Ukiwa mgeni mjini ni habari nyingine. Kuaminiwa kunaweza kuchukua muda uleule wa blogu au zaidi, na hakuna njia ya mkato. Tena ukiacha kuwatafuta watu, simu nazo hupungua taratibu, bila makelele, na utagundua mwezi wa pili au wa tatu.

Gharama

Kwa fedha taslimu blogu ni rahisi. Blogger, huduma ya kufungulia blogu inayomilikiwa na Google tangu 2003, ni ya bure. Ukitaka jina lako mwenyewe, la .co.tz au .co.ke, kuna ada ya kila mwaka, na ukitumia WordPress yako (programu ya kujengea tovuti) utalipia pia nafasi kwenye seva. Gharama yenyewe hasa ni saa. Makala ya maneno 800 hadi 1,200 yenye hesabu za kweli hutaka saa 2 za kuhakiki viwango na hati, 2 za kuandika, 1 ya jedwali na picha, na 1 ya kusoma upya na kuchapisha. Makala 12 ni saa 72. Ongeza saa moja kwa kila makala ya kodi ifikapo Julai.

Kujuana kunaonekana bure mpaka uandike matumizi. Nauli, chai, vocha, na juu ya yote michango. Ukiwa na watu 30 unaowatunza, hakuna mwezi utakaopita bila kadi ya harusi, kitchen party, msiba au ada ya mtoto. Hii si hasara. Ni ada ya uanachama katika jamii, na anayeikwepa huonekana. Lakini iwekee kiwango cha mwezi, uandike, usije ukashangaa faida imekwenda wapi.

Kwa saa, hesabu ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. Andika majina 30: kumi wateja wa zamani walioridhika, kumi watu walio jirani na kazi yako (wauza magari, mafundi, mawakala wa bima, maofisa mikopo), na kumi wa mbali ambao mmepotezana. Wasiliana na watano kwa wiki. Kila mmoja atasikia habari zako mara moja kila wiki sita, kiasi cha kukumbukwa bila kukuchoka. Usiende mikono mitupu: peleka kitu kinachomfaa yeye, kwa mfano muuza magari umtumie mabadiliko ya ushuru yanayogusa aina anazouza. Unapoomba, omba kitu kimoja kinachoeleweka. "Ukipata mtu nikumbuke" husahaulika kabla simu haijakatwa. "Kuna mtu mnamaliza naye biashara wiki hii ambaye hana wakala?" hujibiwa.

Kamisheni nayo ina utaratibu wake. Kubalianeni kabla mteja hajaletwa, mseme ni asilimia ya ada yako ya uwakala na si ya gharama yote ya kutoa mzigo (wengi huelewa ya pili, na hapo ndipo ugomvi), na inalipwa mteja akishalipa. Lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Kwa ofisa wa benki au mtumishi wa umma usitoe kamisheni hata kidogo. Mshukuru kwa maneno.

Panapoharibika

Blogu huharibika kwanza kwenye umiliki. Kijana aliyetengeneza tovuti amesajili domeni, yaani jina la tovuti, kwa jina lake na barua pepe yake. Mwaka unaisha, amehamia kazi nyingine, jina linapotea na makala zote. Domeni isajiliwe kwa jina la biashara, kwa barua pepe ya ofisi, na neno la siri liwe kwako.

Pili ni vichwa vya habari. "Huduma bora za forodha kwa bei nafuu" hakuna mtu duniani anayeandika hivyo akitafuta. Kichwa kiwe swali kama mteja anavyoliandika, hata kama ni Kiswahili kilichochanganywa. Tatu ni picha: picha ya simu ya MB 4 humla bando msomaji na ukurasa hauishi kufunguka, naye anaondoka. Ipunguze iwe chini ya KB 150. Nne, hesabu isiyo na tarehe. Weka juu kabisa "Imehakikiwa" na tarehe, la sivyo mtu atafika na makala ya bajeti iliyopita akidai ulimwahidi. Tano, namba ya simu iliyofichwa mwishoni. Iweke juu na katikati, kwa kiungo kinachofungua WhatsApp moja kwa moja.

Kuna jipya pia: Google sasa hutoa jibu la akili bandia juu ya matokeo, na maswali mepesi kama "VAT ni asilimia ngapi" hayawaleti tena watu kwenye tovuti. Yanayobaki na thamani ni yale yenye hesabu ndefu, picha za nyaraka halisi zilizofichwa majina, na mambo ya wiki hii bandarini ambayo mashine haijayaona.

Kujuana huharibika polepole na kwa adabu, ndiyo maana ni hatari. Ya kwanza ni bei ya ndugu: ukimpunguzia mmoja, wote waliotumwa naye wanataka bei hiyohiyo, na wateja wengi zaidi huleta faida ndogo zaidi. Dawa ni punguzo lenye jina na mwisho, kwa mfano usafiri wa gari hadi kwake bure, lakini ada haiguswi. Ya pili ni simu ya mfanyakazi. Namba ya WhatsApp ya biashara ikiwa laini yake binafsi, siku akiondoka ameondoka na mtaji. Laini iwe ya ofisi.

Ya tatu ni kelele. Kundi la WhatsApp linabeba watu hadi 1,024, na kundi la namna hiyo huwa soko la "asubuhi njema" na matangazo ambayo hakuna anayesoma. Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi hubeba 256, na humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila mteja anapomaliza, mwombe aihifadhi papo hapo. Status hukaa saa 24. Picha ya gari linalotoka getini, kwa ruhusa ya mwenyewe, hufanya kazi kuliko bango lolote.

Ya nne inahitaji kutazamwa kwa makini: lawama. Mwaka 2004 habari zilienea katika mabaraza na blogu za waendesha baiskeli kwamba kufuli za Kryptonite zilifunguka kwa kasha la kalamu ya Bic, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja kufuli bure. Mwaka 2005 mwandishi Jeff Jarvis alilalamika kwenye blogu yake kuhusu huduma ya Dell, malalamiko yakasambaa, na mwaka uliofuata Dell ilianzisha blogu yake. Lawama iliyoandikwa inauma, lakini unaiona na unaweza kuijibu hadharani. Kwenye kujuana hakuna anayekuandikia. Mteja aliyeletwa na shemeji yake akikasirika humlaumu shemeji, shemeji anaona haya kukuambia, anaacha tu kukutaja. Dawa ni kumpigia aliyemleta mteja kabla mteja hajampigia: "Gari la mgeni wako limekwama kwa hati, tunalishughulikia, Alhamisi nitakupa jibu." Simu hiyo ya dakika mbili huokoa mwaka mzima wa kazi.

Unajuaje kama inafanya kazi

Kwa blogu, unganisha tovuti na Google Search Console, ambayo ni bure. Baada ya wiki nane tazama mambo matatu: makala imeonekana mara ngapi, imebonyezwa mara ngapi, na iko nafasi ya wastani ya ngapi. Makala zilizo nafasi ya 8 hadi 20 ndizo za kushughulikia kwanza. Ziko karibu na mlango, zinahitaji kichwa bora, mfano mmoja zaidi na viungo kutoka makala zako nyingine. Inayoonekana sana bila kubonyezwa ina kichwa kibaya. Isiyoonekana kabisa baada ya miezi mitatu inajibu swali ambalo hakuna anayeuliza. Idadi ya wasomaji peke yake haina maana, kinachohesabiwa ni ujumbe wa WhatsApp unaoanza na "nimesoma kwenye tovuti yenu."

Kwa kujuana, daftari la mistari linatosha: jina la mteja, aliyemleta, tarehe, kazi, malipo, na kama umemshukuru aliyemleta na kumweleza ilivyokwisha. Kila robo mwaka jumlisha kwa jina la mletaji. Ukikuta watu watatu wanaleta nusu ya kazi yako, una mtandao mwembamba: mmoja akihama au akikosana nawe, utaisikia kwenye kodi ya pango.

Sheria, kwa kifupi

Tanzania ilileta leseni kwa wanablogu kwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizoweka maombi Sh 100,000 na leseni Sh 1,000,000. Kanuni hizo zimeandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena baadaye. Kabla ya kufungua, iulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama tovuti inayoeleza huduma zako tu inahusika leo, na upate jibu kwa maandishi. Njia zote mbili zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Tanzania, na ile ya data ya Kenya ya 2019. Hati ya mzigo yenye jina na namba ya chesisi usiiweke kwenye blogu wala Status bila ridhaa ya mwenyewe, na usimwingize mtu kundini bila kumwuliza.

Kwa hali yako

Kama umefungua mwezi huu na una akiba ya miezi mitatu, saa zote 6 zipeleke kwenye kujuana. Blogu itakulipa wakati pango limekwisha kukushinda. Andika ukurasa mmoja tu: wewe ni nani, leseni yako, ofisi ilipo, bei zako.

Kama wateja wako huja mara moja tu na kila mmoja ni mgeni, kama waagizaji wa gari la kwanza, wanaofuatilia hati ya kiwanja au kibali cha kusafiri, blogu inakufaa zaidi. Wateja kama hao hawarudi, na wachache watakuletea wengine kwa haraka. Anza na maswali matano unayojibu kila siku kwa simu.

Kama unaishi kwa wateja wachache wakubwa wanaorudi, waagizaji wa makontena, viwanda, wafanyabiashara wa Kongo na Zambia, kujuana ndiko kazi yenyewe. Nauli ya kwenda Lubumbashi mara moja kwa mwaka itakuletea zaidi ya makala 12.

Mwongoza watalii wa Arusha au Zanzibar yuko mbali na mteja wake kwa bahari nzima, kwa hiyo blogu ni ya lazima kwake, kwa lugha ya mteja, yenye bei za viingilio na miezi ya mvua. Upande wa kujuana ni mapokezi ya hoteli na madereva, nako asilegee.

Fundi wa viyoyozi na mpambaji wa mtaani huitwa na watu wa umbali wa kilomita chache, na kazi yao huonekana kwa macho. Hawahitaji blogu. Picha za kabla na baada kwenye Status, pamoja na biashara kusajiliwa kwenye Google Maps kwa saa za kazi na namba sahihi, vinatosha.

Mwenye haya za kuzungumza na watu asijilazimishe vikao, aandike. Anayependa maneno lakini hawezi kukaa kuandika, ajirekodi akimjibu mteja, kijana wa ofisini ayaandike, yeye ahakiki hesabu.

Na kama kazi ipo ya kutosha lakini maswali yaleyale yanakula siku nzima, andika makala hata kama Google haitaleta msomaji hata mmoja. Mpe kiungo kila anayekuletea wateja, akitume yeye kwa WhatsApp yake pamoja na namba yako. Mgeni atasoma hesabu usiku, na asubuhi atakapokupigia atakuwa ameshajua kodi ya gari lake, amebakiza kuuliza fedha atume kwa namba ipi.